Jibu: Kilele cha Shujaa kilikuwa 2009 au 2016?

Salama ndugu. Umeuliza kilele cha Shujaa, timu ya Kenya ya raga ya wachezaji saba, ni kipi, nusu fainali ya Kombe la Dunia Dubai 2009 au ubingwa wa Singapore 2016, na kama siku hizo zitarudi. Mimi nasema 2016. Kuilaza Fiji 30-7 fainali! Niliitazama nimesimama, mikono kichwani.

Kuhusu kesho, usianze na kocha. Tazama kwanza mpira wa kuanzisha. Kwenye raga ya saba kila upande, aliyefunga ndiye anayepiga, kwa hiyo ukiudaka tena angani, mpinzani anabaki kukimbiza vivuli. Hapo ndipo mimi huipimia timu yetu. Tulishuka kutoka msururu wa dunia wa raga hii 2023, tukarudi 2024 kule Madrid, kwa hiyo moyo upo.