Anafunga jicho moja akiangalia katuni

SWALI: Shikamoo dada. Binti yangu ana miaka 4, yuko chekechea. Akiangalia katuni anainamisha kichwa na kufumba jicho la kushoto. Mama mkwe anasema ni deko. Baba yake anasema televisheni ndiyo inamharibu. Nisubiri aanze darasa la kwanza?
Mama Nuru, Mbagala

JIBU: Marahaba, Mama Nuru. Usisubiri hata mwezi.

Mwanangu wa pili alikuwa hivyohivyo. Zahanati moja iliniambia atakua, ataacha. Nikaridhika, mwaka ukapita. Jioni moja akipanga vizibo vya soda mkekani, nikamziba jicho la kushoto kwa ncha ya kanga. Akaendelea kupanga. Nikaziba la kulia. Akausukuma mkono wangu, akalia, kisha akaanza kupapasa mkeka kama mtu aliyekatikiwa umeme. Bado naiona mikono ile.

Mtoto hasemi haoni, kwa sababu hajui wenzake wanaonaje. Jicho zima linabeba kazi yote, na ubongo unazoea kulipuuza la pili. Hilo ndilo jicho vivu. Likiwahiwa kwa miwani, au kwa kuziba jicho zima kwa plasta saa atakazopanga daktari, mara nyingi huamka. Akishavuka miaka 7 au 8, kazi inakuwa ngumu zaidi.

Mpeleke kliniki ya macho, CCBRT Msasani au Muhimbili. Asiyejua herufi huonyeshwa picha. Watamtia matone ya kupanua mboni ili wapime vizuri. Mwanga utamsumbua saa kadhaa, kwa hiyo beba kofia, hasa mkirudi kwa daladala mchana.

Baba yake ana hoja, ingawa katuni hazileti jicho vivu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja ya skrini kwa siku. Acheze nje, mwanga wa mchana husaidia kuchelewesha tatizo la kutoona mbali. Matembele, papai na dagaa mpe, ila havitibu jicho vivu.

Na kama kwenye picha ya simu mboni yake inang'aa nyeupe, nenda kesho asubuhi. Huenda ni mtoto wa jicho au saratani.

Leo jaribu ile ya kanga, jicho moja moja, umwambie daktari ulichokiona. Asipolia, bado mpeleke.