Maswali na majibu: Chip haikufungua simu yako, iliidanganya tu

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni muuguzi, niko Tabora. Mwaka jana kaka yangu anayeishi Houston alinitumia iPhone 12 aliyokuwa akiitumia na laini ya AT&T. Nilipoweka laini yangu ya Vodacom ikaandika "SIM Not Supported". Fundi wa hapa mjini akaniwekea chip chini ya laini kwa shilingi 40,000, ikashika vizuri kabisa mpaka mwezi uliopita nilipoiapdeti. Sasa imerudi kulekule. Fundi anasema simu za Marekani ni CDMA (mtandao wa aina nyingine) na masafa yake hayapatani na minara yetu, hivyo lazima abadilishe IC ya network, kile kidude cha kwenye bodi kinachoshika mtandao, kwa 180,000. Wa duka la jirani anasema hapana, dawa ni kubadilisha IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu. Nimfuate yupi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usimfuate hata mmoja, na hiyo laki moja na themanini iache ilipo. Simu yako ni nzima, ila imefungwa ipokee laini za AT&T peke yake, kampuni ya simu ya huko Marekani. Mwenye ufunguo wake anapatikana kupitia kaka yako hukohuko Houston, na hachaji hata senti. Nitafika huko, ila niache kwanza nitoe dukuduku langu, maana swali hili naletewa karibu kila wiki na kila mara limebeba neno lilelile linaloniudhi: "alinifungulia, ikajifunga tena."

Haikujifunga tena. Haikuwahi kufunguliwa.

Mafundi wa rika langu tulianza na Nokia. Kwa zile za zamani, namba ya kufungulia ilikokotolewa kutokana na IMEI yenyewe: unaingiza tarakimu kwenye kompyuta, inakupa kodi, unaibonyeza, simu imefunguka moja kwa moja. Ufunguo ulikuwa ndani ya simu. Hata iPhone ya kwanza, iliyotoka Juni 2007 ikiwa imefungwa kwa AT&T peke yake, ilifunguliwa ndani ya miezi miwili na kijana wa miaka 17, George Hotz, kwa kuchomea waya kwenye bodi. Kwa hiyo mteja anayeamini kwamba fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kufungua simu yoyote hajaota. Ila anakumbuka dunia iliyopita.

Kwa iPhone za leo, hali ya kufungwa haikai ndani ya simu. Inakaa kwenye seva za Apple. Simu inapoanzishwa hupeleka IMEI yake kule, na seva hujibu: hii ni ya AT&T peke yake, au hii iko huru, ipokee laini yoyote. Jibu hilo hubadilika pale tu AT&T wenyewe wanapowaambia Apple waiachie. Hakuna bisibisi wala kompyuta ya Kariakoo inayofika huko.

Kama unadhani natia chumvi, tazama wezi wenyewe walivyofanya. Mwaka 2021, mahakama ya Seattle ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha miaka 12 kwa kufungua simu za AT&T kinyume cha sheria, karibu simu milioni 1.9, na hasara ikahesabiwa kuwa zaidi ya dola milioni 200. Unajua alizifunguaje? Aliwahonga wafanyakazi wa kituo cha huduma kwa wateja wa AT&T wazifungue kutoka ndani, baadaye akawapa na programu za kupandikiza kwenye kompyuta za ofisi. Mtu mwenye fedha za kuhonga ofisi nzima angejua njia ya kufungua simu mezani, si angekaa mezani? Sasa huyo wa kwako amejuaje kwa shilingi 40,000?

Alichokuuzia ni dalali. Chomoa laini yako uitazame chip: ni utando mwembamba wenye kidude cheusi, unalala kati ya laini na meno ya simu. Kila laini duniani ina namba ya utambulisho inayoanza na namba ya nchi na ya mtandao. Za Tanzania huanza na 640, za Kenya 639, za AT&T 310 410. Simu yako inapoiuliza laini wewe ni wa nani, chip hudakia swali na kujibu linalotakiwa kusikika, kisha simu ikisharidhika huipisha laini halisi iongee na mnara. Uongo huo hudumu mpaka simu ijitambulishe upya kwenye seva, na kinachoweza kuilazimisha kufanya hivyo ni apdeti, au kuifuta, au tu Apple wakishaziba tundu ambalo chip ilikuwa ikipitia. Ndiyo yaliyokukuta. Fundi akikuletea "chip mpya ya toleo la sasa", amekuuzia miezi mingine michache. Na hapo sijataja meno ya simu yanayopinda kwa kubanwa na kitu kisichopaswa kuwa pale.

Haya, CDMA. Uongo huu unauzika kwa sababu zamani ulikuwa kweli. Marekani kampuni ziligawanyika: Verizon na Sprint walitumia CDMA, AT&T na T-Mobile walitumia GSM kama sisi. iPhone 4 ya Verizon iliyotoka Februari 2011 haikuwa hata na tundu la laini. Na kwetu pia tulionja: aliyewahi kununua simu ya Sasatel au ya CDMA ya TTCL anakumbuka ilivyokuwa haiwezi kupokea laini ya mtandao mwingine kwa namna yoyote. Lakini simu yako ni ya AT&T, na AT&T ya enzi za iPhone haikutumia CDMA hata siku moja. Zaidi ya hapo, CDMA yenyewe huko imeshazikwa: Sprint alimezwa na T-Mobile mwaka 2020 na mtambo wake wa CDMA ukazimwa 2022, na Verizon akazima wake mwisho wa mwaka huohuo. Fundi wako anakutisha kwa marehemu.

Masafa nayo ni hivyohivyo. Nenda kwenye Settings, General, About, gusa mstari wa Model Number. Ikiandika A2172 ni ya Marekani. Simu hiyo ina 2G ya 900 na 1800, ina 3G ya 900 na 2100, na kwenye 4G inayo 700, 800 na 1800, ambayo ndiyo yanayobeba 4G yetu huku. Lakini hata bila kutazama karatasi, jiulize: kama masafa hayapatani na minara yetu, ile miezi uliyopiga simu na kutumia bando ulikuwa unashika mnara wa wapi? Chip haiongezi masafa. (Na hicho kidirisha kirefu ubavuni, chini ya kitufe cha kuwashia, ambacho wauzaji wengine huwaambia wateja ni cha alama ya kidole: ni antena ya 5G ya masafa ya juu sana, iliwekwa kwenye iPhone 12 za Marekani tu. Inakusaidia kujua simu imetoka wapi, basi.)

IC ya network ni kitu cha kweli, na ikifa huwa tunaitengeneza. Dalili zake ndizo tofauti. Piga *#06#. IMEI ikitokea, na kwenye About mstari wa Modem Firmware una namba, IC iko hai. Iliyokufa huacha sehemu hizo tupu na simu hubaki ikitafuta mtandao au ikiandika "No Service". Kuandika "SIM Not Supported" maana yake imeisoma laini, imeielewa, na imeikataa kwa makusudi. Halafu, IC hiyo imefungamana na vipande vingine vya bodi kwa namna ambayo huwezi kuchomoa ya simu moja ukachomeka kwenye nyingine ikakubali. Akiibandua ya kwako kwa joto, ndipo utakuwa na simu mbovu kweli.

Kuhusu yule wa IMEI nitasema kwa sauti ya chini kidogo kwa sababu wewe ni mtumishi wa afya na una kazi ya kulinda. Kubadilisha IMEI ni kosa la jinai kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu zenye IMEI bandia nchi nzima, na hadi leo unaweza kuituma IMEI kwenda 15090 ukajua simu ni ya aina gani. Laini yako imesajiliwa kwa alama ya kidole. Ukiweka laini hiyo kwenye simu yenye IMEI ya mtu mwingine, na huyo mtu akaripoti kuibiwa, jina litakalotokea ni lako. La fundi halitakuwepo popote. Na kuna hili ambalo hatakwambia: AT&T wataiachia IMEI halisi iliyo kwenye kumbukumbu zao. Ukishaifuta, umeutupa ufunguo wa bure.

Sasa kaka yako. Atafute IMEI ya simu, aingie kwenye ukurasa wa AT&T wa kufungulia simu, aijaze. Masharti yao makubwa: deni la simu liwe limelipwa lote, simu iwe imetumika kwao angalau siku 60, na isiwe imeripotiwa kupotea au kuibiwa. Kama bado analipa kidogokidogo kila mwezi, na Wamarekani wengi hununua hivyo, itabidi amalizie kwanza. Muulize hilo waziwazi hata kama unaona haya kumuuliza mtu aliyekupa zawadi. Akiacha kulipa, simu inaweza kuingia kwenye orodha ya zilizozuiwa, na hapo hata kuomba kufunguliwa hataweza.

Wakishakubali, toa chip taratibu, usiivute kwa nguvu, maana huwa inang'ang'ania meno. Weka laini yako safi, unganisha Wi-Fi, uifute simu na kuianzisha upya, lakini hakikisha kwanza umehifadhi picha zako na unaijua nywila ya akaunti yako ya Apple. Kwenye About, mstari wa Carrier Lock utasomeka "No SIM restrictions". Ukiona maneno hayo, weka Voda, weka Airtel, weka Halotel, haitauliza tena, na utaapdeti kadiri upendavyo.

Wewe una kaka. Walio wengi wanaoniletea simu hizi hawana. Wamenunua kwa muuzaji aliyewaambia "imetoka Marekani, full" na wakaondoka wakiamini wamepata kwa bei ya chini kwa bahati. Bei ilikuwa chini kwa sababu muuzaji anajua imefungwa. Kuna nchi ambazo tatizo hili limepigwa marufuku: Kanada simu zote mpya zinatakiwa ziwe huru tangu Desemba 2017, Japani tangu Oktoba 2021, Uingereza tangu Desemba 2021. Marekani wana sheria ya 2014 inayomruhusu mwenye simu kuifungua, lakini haiikatazi kampuni kuiuza ikiwa imefungwa, kwa sababu ndivyo wanavyoshindana: mmoja anakukopesha simu ya dola 800 ili usihamie kwa mwingine kabla hujamaliza deni. Mzigo wa mitumba unaotufikia Kariakoo na Luthuli Avenue ya Nairobi umebeba madeni na mikataba ya watu hao.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, tazama Model Number kabla hujaugusa mstari huo. Ikiishia na LL/A ni ya soko la Marekani, ikiishia na B/A ni ya Uingereza, J/A ni Japani. Herufi ya kwanza nayo inasema: M iliuzwa mpya, F ilirekebishwa na kuuzwa tena, N ilitolewa kama mbadala wa iliyoharibika. Muuzaji akikwambia "mpya ya boksi" na herufi ni N, unajua unaongea na nani. Kisha chomoa kitrei cha laini mwenyewe uone kama kuna utando umelala humo.

iPhone 14 na za baadaye zilizouzwa Marekani ni balaa la aina yake: hazina tundu la laini kabisa, ni eSIM tu, yaani laini isiyo na kadi. Kama iko huru, sawa, kampuni zetu kubwa zinatoa eSIM. Kama imefungwa, hata huyo dalali mwembamba hana pa kulala. Nimeshaletewa iPhone 14 ambayo fundi mmoja alianza kuipekecha ubavuni akitafuta mahali pa kuweka laini. Ubavu umetoboka, kioo kimeingia unyevu, na laini haijaingia.

Na wenye Samsung msicheke. Galaxy S21 yenye namba SM-G991U ni ya Marekani na ina kichakataji cha Snapdragon. SM-G991B ni ya kimataifa na ina Exynos. Fundi anayesema ataiflashi (aibadilishie programu) U iwe B anataka kuweka moyo wa mbuzi kwa ng'ombe.

Jaribio la mwisho, lifanyike dukani, mbele ya muuzaji: mwambie aifute simu yote kwa Erase All Content, iwake upya kama inatoka kiwandani, kisha weka laini yako na baadaye ya rafiki yako wa mtandao mwingine. Chip ikiwepo itaumbuka hapo, na akaunti ya iCloud ya mwenye simu wa zamani nayo itaumbuka. Inachukua kama dakika ishirini. Muuzaji akisema hana muda, au kwamba laini utaiweka ukifika nyumbani, mrudishie simu yake.