Usiwashe Jumamosi: hizo sigari hazijalala pamoja

Mdogo wangu wa Goma, Jumamosi usiwashe kitu. Nimesoma ulivyoandika hadi mwili ukanisisimka. Sigari nne nyembamba, hizi kubwa za majani matupu ya tumbaku (cigar), kila moja na aina yake ya jani la nje. Tatu, za Connecticut, Cameroon na Habano, zimo katika sanduku la kuzilaza, yaani zitulie kwenye unyevu mmoja, tangu Pasaka; ya nne, ile yenye jani jeusi liitwalo maduro, imefika juzi tu kutoka Kigali. Nawe unataka kuzivuta zote wikendi moja, umpate mshindi, kisha uagize sanduku zima kwa ajili ya harusi ya kaka yako. Mimi nilifanya hivyohivyo hapa Lubumbashi. Nilipoteza dola 310, na kwa miezi mitatu nikawa nakataa sigari ambayo leo ndiyo naipenda kuliko zote.

Nilikuwa na tano za Connecticut, lile jani jepesi la rangi ya chai ya maziwa, linalokuzwa chini ya vitambaa vya kulikinga na jua. Zilikuwa zimelala kwangu tangu Machi. Mwezi wa saba rafiki yangu akarudi kutoka Johannesburg na maduro tano, jani la San Andrés la Mexico, saizi ileile. Unajua Julai ya huku: usiku baridi, mchana hewa kavu, vumbi jekundu, midomo inapasuka, na ule mlango wa mbao uliokuwa unakwama wakati wa mvua sasa unafungika kwa kidole. Maduro zilitoka kwenye ndege zikaingia katika hewa hiyo, zikakaa mezani kwangu. Siku ya nne nikaketi chini ya mparachichi, Kampemba, daftari pajani, kulia Connecticut, kushoto maduro.

Ile ya Connecticut ilikwenda vizuri, mkate na siagi, moshi laini. Nikawasha maduro. Mvuto wa kwanza ulinichoma pua kama mtu aliyefungua banda la kuku asubuhi. Ile ni amonia, majani yalikuwa bado hayajatulia. Nikavumilia. Baada ya dakika kumi hivi nikasikia mlio mdogo, kama mtu anayekanyaga jani kavu, nikatazama: jani la nje limepasuka sentimita mbili nyuma ya moto, ufa unatambaa kuelekea kidoleni. Nikaulamba, nikaubana kwa kidole gumba, haukushika. Moto ukala upande mmoja, upande wa pili ukabaki mbichi. Nikaandika daftarini: "Maduro: chungu, kali, haifai. Connecticut ndiyo." Jumatatu yake nikaagiza Connecticut 25. Maduro nne zilizobaki nikampa shemeji yangu.

Shemeji si mtu wa sigari. Alizitia kwenye kopo la plastiki la kuwekea chakula, lile lenye kifuniko cha kubana, pamoja na pakiti moja ya kutunza unyevu niliyompa, akalisukuma chini ya kitanda cha chumba cha nyuma na kulisahau. Mwezi wa kumi tukabatiza mtoto wake. Jioni, wageni wameanza kuondoka, akanikumbuka, akaleta kopo. Niliwasha moja kwa heshima yake tu. Ndugu yangu, ilikuwa kakao, ilikuwa kahawa iliyotoka kwenye kikaango sasa hivi, na nyuma yake ile harufu ya udongo mvua ya kwanza inapogonga ardhi. Jivu la kijivu, gumu, likashika hadi karibu nusu ya kidole. Sigari ileile ya safari ileile. Nikamuuliza zingine ziko wapi, akasema mbili amempa jirani.

Na kwangu zilikuwa zimebaki Connecticut 20 hivi. Si mbaya, lakini si chaguo langu. Nilizichagua kwa mashindano ya uongo. Nilidhani nimelinganisha majani mawili. Kumbe nililinganisha sigari iliyolala miezi minne na sigari iliyolala siku nne.

Aliyeniuzia lile sanduku la Connecticut 25 nilimweleza yote kabla sijatoa pesa: hii ina miezi, hii ina siku. Akanijibu, "Zote zimeshalazwa kiwandani, wewe fungua uwashe." Mtu anayejua kazi yake, anayeshika mkononi dola 310 za mwenzake, anasema neno kama hilo! Kweli kiwandani zinalazwa. Lakini baadaye zinasafiri, zinakauka nje huku ndani bado mbichi, au zinavimba ndani huku jani la nje halijalegea. Alilijua hilo. Bado linanikera hadi leo.

Nyembamba ndizo zinazoadhibu zaidi kwa kosa hili. Sigari ya saizi 38 ina sehemu 38 kati ya 64 za inchi, yaani milimita 15 hivi za upana. Ile nene ya 50 inakaribia milimita 20. Ukipiga hesabu ya mzingo na ujazo, jani la nje katika nyembamba linachukua sehemu kubwa zaidi kwa karibu theluthi moja. Ndiyo maana watu wanaozipenda wanasema hapo ndipo unapolionja jani lenyewe. Lakini jani hilohilo ndilo linaloguswa kwanza na hewa. Likiwa halijatulia, ladha yote haijatulia.

Kwa hiyo sharti langu ni moja, silegezi: usilinganishe sigari ambazo hazijalala sanduku moja, hewa moja, hadi uzito wake usimame. Uzito, si siku. Tafuta mizani ndogo ya dhahabu, huko kwenu hazikosekani, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Pima kila Jumapili, uandike. Maduro niliyopokea mwaka uliofuata ilifika na gramu 7.08, wiki ya pili 7.19, ya nne 7.24, ya tano 7.24, ya sita 7.24. Hapo imetulia. Hata hivyo mimi naongeza mwezi mmoja, kwa sababu amonia haionekani kwenye mizani. Nusa mguu wa sigari, ile ncha ya kuwashia, kabla hujaiwasha, pua itakuambia.

Na kile kipimo cha unyevu kilichokuja na sanduku usikiamini kabla hujakijaribu. Kijiko cha chumvi, matone ya maji mpaka iwe kama mchanga wa ziwani, weka ndani ya chupa yenye kifuniko pamoja na kipimo, uiache hadi kesho yake. Kinatakiwa kisome asilimia 75. Changu kilisoma 68. Sisi huku tunapigana na ukavu, lakini wewe uko kando ya Kivu, adui yako ni maji: ukipita 70 nyembamba inaziba, utavuta hadi mashavu yaume. Mimi nazilaza kwenye 65.

Siku ikifika, vuta moja kwa siku, saa ileile, kuanzia Connecticut, kisha Cameroon, kisha Habano, maduro mwisho. Cameroon utaitambua kwa vidole, ina vipele vidogo juu ya jani.

Leo jioni ipime hiyo ya Kigali kabla ya kuitia sandukuni na zingine. Andika gramu na tarehe kwenye kikaratasi, ukifunge na uzi kwenye mguu wake, uniandikie namba hiyo hapa. Jumapili ijayo nitakuuliza ya pili.