Kulungu akikutwa na kingamwili za Lyme, ugonjwa unaoenezwa na kupe, ndiye anayewaambukiza kupe?

Hapana. Kulungu wa pwani ya Connecticut, Marekani, mwenye kingamwili aliwahi kung'atwa na kupe mwenye bakteria wa Borrelia wanaosababisha Lyme, basi. Bakteria hao hawadumu kwenye damu yake, kwa hiyo kupe anayemnyonya haondoki nao. Kulungu hulisha kupe jike mzima, ambaye hudondoka akataga mayai kama 2,000. Kupe huanguliwa akiwa safi, ana miguu sita tu, na maambukizi huyapata hasa kwa panya wa porini mwenye miguu myeupe, anayekaa na bakteria miezi mingi bila kuugua. Ukitaka kujua hatari ya eneo, pima panya na kupe wa hatua ya pili ya ukuaji, kabla hajawa mzima, usiishie kwa kulungu.

Huyo wa hatua ya pili ndiye wa kuogopwa hasa: ni kama mbegu ya mchicha, na mwezi Juni hujificha nyuma ya goti usimwone. Mbane kwa kibano chembamba pale pale kwenye ngozi, mvute wima bila kumzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma. Bakteria wako tumboni mwake, na kwa kawaida huchukua zaidi ya saa 24 kufika kwenye mate, kwa hiyo mtoe mara tu unapomwona.