Unataka kuingia kundi la utafiti wa vimbunga? Nisikize mie wa Lamu

Kuna kijana wa Malindi kaniandikia juzi, anamaliza digrii ya fizikia, auliza nilipita wapi mpaka nikachukuliwa kwenye kundi la utafiti wa vimbunga huko chuo kikuu Marekani. Meseji yake imeingia wiki ile ile pepa yangu ya kwanza imekubaliwa na jarida, kwa hivyo amenikuta kichwa kimevimba, ntajibu kwa urefu mnistahamilie.

Mdogo wangu, hakuna anayekuchukua kwa sababu wapenda sayansi, sote twapenda. Maprofesa wanapokea imeili za "nina ndoto ya kusoma hali ya hewa" asubuhi na jioni na wanazifuta. Wanataka mtu mwenye swali. Mie langu nilitoka nalo nyumbani. Baba ni nahodha, na tangu udogo nasikia redioni vimbunga vinapiga Madagaska, vinapiga Msumbiji, nami najiuliza mbona huku havifiki na bahari ni moja? Vitabu vinasema kimbunga chataka maji ya kama nyuzijoto 26.5 kwenda juu, na yetu wakati wa kaskazi yanapita hapo. Kumbe shida si joto, ni ikweta. Nguvu ya Coriolis, hii inayotokana na dunia kuzunguka na ndiyo inayoupinda upepo ukazunguka, kwenye ikweta ni sufuri, inakua kadiri unavyosogea mbali, na vimbunga kwa kawaida vinazaliwa kuanzia kama digrii 5. Lamu iko digrii 2 na kitu, Malindi 3. Tena kikishazaliwa hupenda kwenda mbali na ikweta, hakirudi. Ndiyo maana kimbunga Gati mwaka 2020 akapiga Somalia kule juu, mwenzake Hidaya Mei 2024 akaingia kisiwa cha Mafia kule Tanzania, na sisi tukabaki katikati salama (salama ya kimbunga nasema, mafuriko ya mwaka ule twayajua wenyewe).

Hilo nikaliandika kwenye barua kwa profesa, halafu nikaleta habari ya kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka. Upepo huu tunaoulaani kila mwaka wavuvi wakikaa bure, juu yake, kama kilomita moja na nusu hivi, kuna mkondo mkali unaopita mashariki ya Kenya ukaingia Somalia ukavuka mpaka India. Mwanasayansi Findlater aliuandikia mwaka 1969 na mpaka leo wanauita kwa jina lake. Ukishika sawasawa, vimbunga vya Bahari ya Arabu hupungua sana, manake upepo wa chini na wa juu unakuwa unapishana na unakivunja kimbunga kabla hakijasimama. Kwa hivyo vinakuja kabla ya kusi na baada yake. Nikamuuliza profesa: je, kusi ikichelewa? Akajibu. Mwenyewe, si karani wake.

Maombi, viza, baridi, hayo nayaruka, yanachosha.

Ndani ya kundi sasa. Usidhani wote wanatazama picha za setilaiti. Mmoja wetu anapanda ndege inayoingia ndani ya kimbunga na kuangusha vipima hewa, mwengine hajawahi kuona hata mvua kubwa, yeye na milinganyo yake na penseli basi, mwengine anaendesha modeli, yaani kimbunga cha kuigiza kwa hesabu, kwenye kompyuta kubwa usiku kucha. Wote hao ni wa kuwasomea kazi zao kabla hujaandika. Soma kazi zao. Na uwaandikie wanafunzi kwanza, profesa baadaye, wanafunzi ndio watakwambia kama bosi ni mtu au ni chui.

Maana watu ni watu. Kuna mwenzetu alisimama kwenye mkutano akaonyesha grafu yangu, rangi zangu, mpaka kosa langu la tahajia limo, na jina langu halimo. Watu wakampigia makofi. Ati nimekaa nimenyamaza. Tangu siku ile kila programu ninayoandika inaingia GitHub, ghala la programu mtandaoni, siku hiyo hiyo, na tarehe, na jina langu lote la watu wa Lamu refu kama mlingoti. Wewe pia fanya hivyo tangu sasa, usingoje kuumizwa. Vijana wetu wa pwani tuna haya sana, tunaona kudai chako ni kukosa adabu. Si kukosa adabu. Dai!

Basi anza na Python, lugha ya kuandikia programu, na data ya ERA5, kumbukumbu za hali ya hewa ya dunia nzima, ambayo ni bure na inarudi nyuma mpaka 1940, uchore kusi ya Malindi mwenyewe uitie kwenye barua. Na soma kazi zao, nimeshasema. Pesa usiogope, PhD za fani hii kule Marekani mara nyingi kundi linakulipia karo na posho ya kuishi. Ada ya maombi ndiyo itakayokubana, hiyo waandikie ofisi ya udahili uombe usamehewe ada kabla hujalipa, vyuo vingi vina utaratibu huo ila hawautangazi.