Fimbo ya Kuchungia: Tuanzie Wapi?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi na binamu yangu tunacheza Diablo III kwenye kompyuta ya nyumbani, na tumeambiwa kuwa iko nchi ya siri, Whimsyshire, yenye maua na pinde za mvua, inayofunguliwa kwa Fimbo ya Kuchungia. Uyoga Mweusi, kimojawapo cha vifaa vitano vya kuundia fimbo hiyo, tumeutafuta bila mafanikio, na sasa binamu yangu anataka tutumie dhahabu yetu yote kununua kifaa kingine, Kengele ya Wirt. Je, ni sawa?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Marahaba. Mwombe binamu yako asubiri kidogo. Kengele inauzwa kwa vipande 100,000 vya dhahabu na Squirt, mchuuzi wa soko la mji wa Caldeum, naye hahami. Kigumu zaidi ni mchoro wa fimbo yenyewe, ambao huangushwa na adui aitwaye Izual anapouawa, katika sehemu ya nne ya mchezo, tena mara chache, na bila mchoro huo mhunzi hawezi kuunda chochote hata mkimpelekea vifaa vyote vitano. Anzeni na Izual, kisha mkumbuke kubakiza dhahabu ya ujira wa mhunzi.

Kuhusu uyoga, hamkukosea mahali. Huota katika ngazi ya kwanza ya kanisa kuu la Tristram, lakini vyumba vya ngazi hiyo hupangwa upya kila mchezo unapoanzishwa, na chumba chenye uyoga si lazima kiwemo. Mkikikosa, tokeni na kuanza upya, kama mwokota korosho anavyorudi kila asubuhi chini ya mkorosho uleule. Msipoteze bando kwa kupigana na kila zimwi njiani, kwani kwenye kompyuta mchezo huu hauchezeki bila intaneti.

Mfupa wa Muundi wa Leoric hutafutwa kwenye meko ya moto, ndani ya jumba la Mfalme Leoric, na nao hauonekani kila mara. Upinde wa Mvua wa Majimaji umo katika sanduku la pango lililoko oasisi ya Dahlgur, ambalo mlango wake hufunguliwa na mwanaalkemia Zaven baada ya kuokolewa. Kito Kinachobwabwaja hutoka kwa zimwi Chiltara, kwenye mapango ya barafu ya sehemu ya tatu.

Ninavipenda vifaa hivi kwa sababu vina historia. Katika Diablo ya kwanza, Wirt alikuwa mvulana mwenye mguu wa mti aliyeuza bidhaa Tristram, na uyoga mweusi ulihitajiwa na mchawi Adria. Wachezaji wa wakati huo walivumishiana kwamba kuna ngazi ya siri ya ng'ombe, ambayo haikuwepo. Diablo II ya mwaka 2000 ikaitengeneza kweli, na mguu wa Wirt ukawa sehemu ya ufunguo wake. Whimsyshire, iliyokuja na Diablo III mwaka 2012, ni mrithi wa uvumi huo, na ndiyo maana fimbo yake ni ya mchungaji.

Mkiipata, itieni mkobani, mwende kwenye barabara ya Tristram ya Kale katika sehemu ya kwanza, mkatafute mifupa ya ng'ombe kando ya ufa unaong'aa, kisha mzungumze na mzimu wa Mfalme wa Ng'ombe. Fimbo haipotei baada ya kutumika, hivyo mnaweza kurudi huko mtakapopenda.