Re: Historia ya burudani na riwaya za upelelezi, mtu mmoja anaweza zote?

Mkuu umeuliza kama mtu anayeandika historia ya burudani anaweza pia kutunga riwaya za upelelezi, aisee inawezekana kabisa, mcheki mwandishi Ron Goulart wa Marekani, kazaliwa Berkeley 1933 na alianzia kuandika matangazo ya biashara. 1972 akatoa Cheap Thrills, historia ya yale magazeti ya hadithi ya bei chee, halafu 1998 akamchukua mchekeshaji Groucho Marx akamfanya mpelelezi kwenye riwaya, ndani ya Hollywood ya miaka ya 30, na hapo ndo utamu ulipo, maana yale aliyotafiti miaka yote yakageuka mtaji wa hadithi. Hata TekWar, riwaya ya kisayansi iliyotoka kwa jina la mwigizaji William Shatner, Goulart ndo aliiandika, mi naiheshimu sana kazi hiyo.